Mbavu za Gitaa la Evodia

Lindi, 12 Februari 2023

Mjomba Edwin, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua za Msanzi zimewapa nafasi ya kupalilia. Sisi huku tu wazima. Joto ni lile lile. Wanafunzi wangu wanaanza kusinzia kipindi cha tatu, na mwalimu wao akijisahau naye anasinzia. Mwanangu Marsiana ameingia darasa la kwanza. Ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivunia pengo kama cheo.

Nimekupigia simu tangu Krismasi. Inaita mpaka inakata. Mara moja ulipokea, ukasema haloo nne mfululizo, ukakata mimi bado nakusalimia. Kama nimekukosea, niambie. Kama ni mtandao, basi tuandikiane, maana mama alikuwa akisema wewe hujawahi kuacha barua bila kuijibu.

Lililonikalisha mezani ni gitaa la mama. Tangu tulipomzika Agosti iliyopita nalipiga kila Jumapili jioni, vibaya, unanijua, lakini sauti ni ile ile aliyofungia nayo misa kigangoni miaka yote. Sasa mwezi uliopita limeanza kuwa na kasoro. Nikipiga uzi wa nne kuna kitu kinatetema ndani kama nzi kwenye chupa. Nimemulika kwa tochi ya simu nikaona ubavu mmoja, kile kijiti cha chini ya kifua karibu na tundu, umeachia gundi upande mmoja. Hakuna kingine kilichoharibika. Sauti bado ni kubwa, jirani ananigongea ukuta nikizidisha.

Hapa mjini yupo fundi. Alitazama akasema atatia gundi ya dukani na skrubu mbili. Aliposema skrubu nikalifungasha gitaa siku hiyo hiyo.

Nimelituma kwa basi hadi Sumbawanga, dukani kwa Mzee Mwinjuma. Binti yake Kulsumu atalipokea na kukuletea kwa gari lao la mizigo linaloshuka Kasanga kupitia kwenu. Misa ya mwaka wa mama ni Jumamosi tarehe 26 Agosti, na kaburi litabarikiwa siku hiyo. Nataka nilipige pale kaburini, ule wimbo wake wa mwisho wa misa.

Mjomba, sauti ya mama sikuirekodi hata mara moja. Kila likizo nilisema kesho. Kilichobaki cha kumsikia ni hilo gitaa peke yake. Wewe ndiye uliyelijenga, na sitaki mkono mwingine uliguse.

Mpwa wako,
Lydia


Msanzi, 20 Machi 2023

Mwalimu Lydia, mpwa wangu,

Marahaba. Nipo, na magoti yangu yapo, yanalalamika lakini yananipeleka shambani na kunirudisha. Mahindi yamesimama vizuri. Ulezi una magugu kuliko ulezi. Nyumbani ni mimi na paka, na paka ndiye mwenye nyumba. Marsiana mwambie babu yake wa Msanzi bado ana meno yote, akitaka tushindane kuvunja mahindi ya kuchoma aje Agosti tuone nani atalia.

Kuhusu simu usinilaumu mimi. Mtandao wa huku ni wa kubahatisha, watu wanaongea kama wako ndani ya pipa. Barua ni bora. Barua inasema kitu kimoja na inakaa pale pale ukitaka kuirudia.

Gitaa lilifika tarehe nane, zima, Kulsumu amelizungushia blanketi kama mgonjwa. Nililijenga mwaka 1986. Mama yako alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, kwaya ina ngoma mbili na hakuna chombo cha kushika wimbo. Kifua cha gitaa, ule ubao wa mbele, ni mti wa podo wa milima ya Mbizi, ubao uliokaa miaka tisa darini juu ya meko ya bibi yako ukila moshi. Niliupasua nyuzi za mti zisimame wima, kwa sababu zikilala, sauti nayo inalala. Mgongo ni mninga, mzito, hautikisiki ovyo. Unairudisha sauti mbele badala ya kuimeza.

Lakini sauti yenyewe iko mbavuni, mwalimu. Hivyo vijiti saba nilivyovibandika chini ya kifua ndivyo vinavyoamua. Ukiviacha vinene, gitaa linalia kwa kubanwa, kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake. Ukivikonda kupita kiasi linanguruma halafu linanyamaza kabla hujamaliza neno. Katikati pana unene mmoja tu, na rula haiujui. Unagonga kifua kwa kifundo cha kidole, unasikiliza, unakwangua, unagonga tena. Siku kifua kikiitika unaweka patasi chini na hukigusi mpaka kufa. Cha mama yako kiliitika siku ya kumi na moja. Nakumbuka kwa sababu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji kichwani, akaitua.

Ubavu ulioachia nimeurudisha kwa gundi ya ngozi ya kuchemsha, kazi ya asubuhi moja. Hewa ya bahari ndiyo iliyoilainisha gundi. Lakini bahari yenu imefanya baya zaidi ambalo wewe hukuliona. Gitaa limekufa sauti. Nagonga kifua, hakiitiki. Nyuzi nene zinasema kidogo, hizi nyembamba hazisemi kabisa, ni kama napiga katani. Kifua kimekunywa unyevu kikawa kizito, na mbavu zile zile sasa zinakielemea. Itabidi nibandue mgongo na kuzikonda kidogo ili zilingane. Usiogope. Aliyeitoa sauti mara ya kwanza ataitoa na ya pili.

Mengine huku yanaharibika tu. Kengele ya kigango imepata ufa, haina mlio, na nikisema wananitazama. Kwaya bila mama yako imekuwa ya kunong'ona. Timoth, mwalimu wao, anapunga mikono tu hewani. Hata mvua ya mwaka huu inanyesha kwa adabu. Unaona bati limelowa, husikii kitu, unatoka asubuhi unakuta mfereji umefurika.

Mjomba wako,
Edwin


Lindi, 24 Aprili 2023

Mjomba, shikamoo.

Pasaka yetu ilikuwa ya mvua na pilau la kuungua. Marsiana anasema ameipokea changamoto ya mahindi, ila usubiri meno yaote. Barua yako ya Machi nimeipata wiki iliyopita tu, kona moja imeloa. Sijui ilikuwa wapi mwezi mzima.

Nakuomba jambo moja kabla ya yote. Usibandue mgongo. Kama umeshabandua, usikwangue. Weka kila kitu kama kilivyo mpaka tuelewane.

Gitaa halikuwa limekufa sauti. Nililipiga asubuhi ile ile niliyolifungasha, na uzi wa kwanza ulikuwa unalia mpaka unakera. Kutoka hapa hadi Sumbawanga ni siku tatu za basi, na huko hakuna bahari. Ni unyevu gani huo unaoua sauti kwa siku tatu, wakati miezi sita ya bahari haikuiua? Mpe Timoth alipige wewe ukiwa umekaa pembeni, kisha mwulize yeye anasikia nini.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Gitaa, kengele, kwaya, mvua. Nikaunganisha na zile haloo nne. Wewe ni kaka wa mama yangu na swali hili silijui namna ya kuliuliza kwa heshima, ingawa darasani namwuliza mtoto bila hata kufikiri na kumhamishia dawati la mbele. Mjomba, masikio yako yakoje?

Nijibu upesi. Kama kuna kosa langu katika kuuliza, lifute.

Lydia


Msanzi, 2 Mei 2023

Lydia,

Sina jibu lako bado, najua mna mitihani, ila nimeona nisikuache na roho juu. Afya ni nzuri. Paka amezaa wanne chini ya benchi la karakana na sasa nafanya kazi kwa kunyata.

Mgongo nimeubandua Jumatatu ya Pasaka kwa mvuke na kisu chembamba. Ulitoka mzima, hakuna hata kibanzi. Ndani nikakuta maandishi yangu ya penseli, jina la mama yako na mwaka: Evodia, 1986. Nililifuta vumbi kwa kidole, nikaendelea.

Nimekwangua mbavu nne za chini. Nikagonga, hakuna. Nikaziingia zote saba. Kikaanza kuitika, lakini sauti nene tu, chini huko, kama mtu anayesema akiwa amefunikwa. Nyembamba bado zimejificha. Basi nikapunguza na kifua chenyewe kwa ndani, msasa kwa msasa. Sasa ukikiinua dirishani unaona jua linapita, jekundu. Sijawahi kufika huko na kifua chochote. Ni mbao ngumu kuliko nilivyokumbuka.

Timoth alipita. Nilimpa akigonge. Aligonga, akatazama chini, akasema maneno. Huyu naye siku hizi anaongea amekiinamisha kichwa, sijui vijana wanafundishwa wapi. Nikamkaribisha chai, akaondoka bila kuinywa. Na Kheri, mtoto wa kiume wa Mwinjuma, amenirudishia gitaa nililomtengenezea Novemba. Hakusema kasoro. Ameliacha tu mlangoni kwa adabu zake zote. Hao watu wa mjini wamezoea ya kiwandani.

Wiki hii nitaondoa kidogo tena, halafu nafunga mgongo. Agosti utalikuta linakusubiri.

Edwin


Lindi, 19 Mei 2023

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii haina salamu nyingi na unisamehe.

Weka patasi chini. Naandika huku barua yako ya tarehe mbili iko mbele yangu. Kulsumu amenitafutia namba ya Timoth, nimezungumza naye leo. Anasema kifua kimekuwa karatasi. Anasema alikwambia mara tatu usiendelee, na wewe ukamjibu karibu chai. Nimemwomba aje alichukue gitaa kabla hujalimaliza. Amekataa. Amesema hana namna ya kumnyang'anya mzee kazi iliyo mkononi mwake, na nyumbani kwake mwenyewe. Amenikasirisha, lakini najua hata mimi ningesimama pale mlangoni nikashindwa.

Bahari haijafanya kitu. Kengele haina kitu. Ni masikio yako, na unajua.

Nilikuomba ubandike ubavu mmoja.

Lydia


Msanzi, 9 Julai 2023

Lydia mwanangu,

Baridi imeingia, asubuhi nyasi ni nyeupe, upepo unapita katikati ya mbao za karakana kama una haki. Ulezi tumevuna. Wale paka wadogo wamebaki wawili. Nimekwambia haya kwanza kwa sababu wiki tano nimekuwa nikiishia hapa, kwenye ulezi na paka, kisha naichana karatasi.

Barua zako mbili nilizichukua parokiani siku moja, tarehe 30 Mei. Nilizisoma nimesimama uani, ya pili nikaimaliza nimekaa. Gitaa lilikuwa limeshafungwa mgongo na kutiwa nyuzi, siku nane kabla. Hukuchelewa wewe, ni njia iliyochelewa.

Kwanza nilikasirika. Nilisema nani huyu, juzi tu namfundisha kushika shingo ya gitaa, leo ananipima masikio. Nilikaa na hasira hiyo siku mbili, ilikuwa inanifaa. Ya tatu nilifunga mlango wa karakana nikafanya kitu cha kitoto. Nililiuma gitaa. Nililiuma pale kichwani, kwenye vigingi vya kukazia nyuzi, kwa hayo meno niliyojisifia, nikapiga uzi wa kwanza.

Nikausikia. Ulipita mfupa wa taya ukaingia kichwani, mwembamba kabisa, mzima. Sikumbuki ni miaka mingapi nilikuwa sijausikia uzi wa kwanza wa gitaa lolote. Nilifurahi, nakwambia ukweli, kwa muda wa kupiga nyuzi tatu. Kisha nikasikiliza kama fundi.

Linanguruma na kukatika. Uzi wa sita unavuma kama lori, uzi wa kwanza unaanza na kufa hapo hapo. Ni ngoma yenye nyuzi. Lile nililoletewa na Kulsumu lilikuwa zima kama ulivyosema, na mimi ndiye nilikuwa nakwangua mbao nikitafuta ndani yake sauti iliyotoka masikioni mwangu.

Sasa nikwambie alilolijua mama yako peke yake. Masikio yalianza kuniacha miaka saba iliyopita. Walitangulia vifaranga, kisha sauti za watoto, kisha uzi wa kwanza. Sikumwambia mtu. Mama yako alitambua bila kuambiwa. Jumamosi moja alasiri alikuja karakana na kikapu cha maharage ya kuchambua, akakaa kwenye kigoda, nami nilikuwa nagonga kifua cha gitaa la mtu. Nilikwama. Nikamtazama. Akatikisa kichwa, nikaendelea kukwangua. Niligonga tena, akainua nyusi, nikaweka patasi chini. Ikawa hivyo kila Jumamosi mpaka alipougua. Hatukulizungumza hata siku moja. Watu wakasema magitaa ya Edwin yanazidi kuwa mazuri uzeeni. Yalikuwa masikio ya Evodia.

Tangu tumzike sijatoa gitaa hata moja lenye sauti. Kheri alijua, na wewe umejua. Niliyekataa kujua ni mimi, kwa sababu fundi wa magitaa asiyesikia ni seremala, na seremala wa huku kazi yake ni milango na majeneza. Jeneza la mama yako nililitengeneza mwenyewe, unakumbuka. Hilo halikuhitaji kugongwa.

Nimekuibia mama yako, mwanangu. Nimetafuta namna ya kulisema kwa upole zaidi na sijaipata.

Gitaa nimempelekea Timoth alitunze, nimeona lisikae kwangu. Ndani ya bahasha hii utakuta maranda. Yalikuwa chini ya benchi yamechanganyika na ya mninga, nimechambua ya podo peke yake, yale ya mbavu na ya kifua. Hayana kazi. Nilishindwa kuyatupa, na kuyawashia moto nilishindwa zaidi.

Agosti njoo na mtoto. Ukilipiga, usinisifu, wala usinipe uongo wa huruma. Fundi akianza kusifiwa kwa kazi mbovu ndiyo wamemzika.

Edwin


Lindi, 17 Septemba 2023

Mjomba, shikamoo.

Tulifika salama, siku tatu, Marsiana amelala njia nzima na yale mahindi ya kuchoma uliyomfungia. Anasema ulimwachia ashinde. Shule imefunguliwa, madarasa ni yale yale. Nimeomba kuhamia huko wilayani kwenu Kalambo, nimeambiwa nafasi hakuna, nijaribu mwakani.

Siku zile nne Msanzi sikukwambia chochote cha maana. Kila nilipofungua mdomo watu walikuwa karibu, na sikuweza kukupigia kelele mbele yao kama mtu anayegombana nawe. Kwa hiyo nakuandikia uliyoyakosa siku ya misa.

Kengele haina ufa, Mjomba. Ilipigwa mara tatu na inalia vizuri, ya kwanza ilikuwa haijaisha masikioni ya pili ikafuata. Kwaya hainong'oni. Waliimba mpaka Marsiana akaziba masikio, na wale akina mama wa sauti ya kwanza, uliowaona wamefumba macho, ndio waliokuwa juu kuliko wote. Upepo ulikuwa unapiga turubai kama mtu anakung'uta nguo. Paroko alilitaja jina la mama lote, mara mbili, polepole. Tulipokuwa njiani kwenda makaburini, mkewe Timoth alikuwa nyuma yako anakuombea kwa Kifipa, njia nzima, na wewe hukugeuka.

Na gitaa. Ulikaa mbele, macho yako yote kwenye vidole vyangu. Nilipoanza lilinguruma, na kila sauti ikafa kabla ya inayofuata, hata wimbo ukawa kama unasomwa na mtoto anayeruka maneno. Walioimba na mama miaka mingi walitazamana. Mmoja aliniuliza baadaye kama lile la mama nililiuza. Nilimwambia ni hilo hilo. Halikuwa hilo.

Mwisho wa wimbo uliinua nyusi ukinitazama. Nilijua unaniuliza nini. Nilitikisa kichwa, ukaona. Ulitoa sauti pale, Mjomba, ambayo najua hukuisikia mwenyewe. Wote tuliokuwa kaburini tuliisikia. Hiyo sitakuandikia ilikuwaje.

Nilikukasirikia tangu Mei na hasira haijaisha, nakwambia kwa sababu uliniomba nisikudanganye. Ipo pamoja na mapenzi, vinakaa chumba kimoja. Desemba nikija nitakaa kwenye kile kigoda Jumamosi, kama utakuwa na kifua cha kugonga. Siahidi kwamba nina masikio ya mama.

Maranda nimeyaweka kwenye kopo la chai. Nilipofungua bahasha yalinukia moshi. Miaka yote hiyo ndani ya gitaa, na bado ni meko ya bibi.

Nina moja la mwisho. Nilipolirudisha huku nilikaa nalo nikapitia uzi mmoja mmoja, chuma kimoja kimoja cha kubania nyuzi, shingo nzima, nikitafuta kama kuna kilichosalia. Kilikuwepo. Uzi wa tatu, ukibanwa kwenye chuma cha pili. Sauti moja tu. Nilidhani najidanganya, nikamwita Marsiana kutoka uani bila kumwambia kitu, nikaipiga. Akasema, "Bibi."

Wiki mbili nimekuwa nikiipiga hiyo moja kila jioni. Lakini kifua ulichokiacha ni chembamba mno. Kinabonyea mbele ya pale nyuzi zinapofungwa, naona kwa macho, na ile sauti inafupika. Nyuzi zikiendelea kukivuta itakwisha kabla ya Krismasi. Kwa hiyo jana nimezilegeza zote sita na kulitundika ukutani, juu ya kitanda cha mtoto. Kifua kimepumzika. Halitoi kitu hata ukiligusa.

Sasa tunalisikia sawa, mimi na wewe.

Mpwa wako,
Lydia